Telesphory Abraham Kaijage: Mpiga Picha Aliyetaka Watu Wote Waonekane

Marehemu Telesphory Abraham Kaijage alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 huko Kamachumu, Bukoba, mtoto wa pili wa Mzee Abraham Kaijage na Bi Paskalia. Mwaka 1969 baba yake, fundi seremala, alihamia Pemba na familia yake, wakajenga hapa Mgogoni. Hapa ndipo alipokulia, hata wageni waliomsikia akizungumza walimdhani mzaliwa wa kisiwani.

Alisoma Chake Chake, na mwaka 1984 akaenda Unguja kujifunza upigaji picha za televisheni. Alirudi mwaka 1986 akawa mpiga picha wa habari, mpaka bega lake la kulia likateremka kwa uzito wa kamera. Aliwaambia wenzake wapya kwamba picha pana ionyeshe mahali, picha ya karibu ionyeshe mtu, na kamera isihamishwe kabla mtazamaji hajashiba.

Tarehe 14 Januari 1989 alifunga ndoa na Consolatha, mwalimu wa sekondari. Siku hiyo alimrudisha padri ndani ya kanisa ili atoke tena, picha ikae vizuri. Padri akamwambia, "Telesphory, leo wewe ni bwana harusi!"

Familia inapenda jambo moja lisemwe wazi leo, maana limesemwa pembeni kwa muda mrefu. Katika kampeni za mwaka 2000 marehemu alirekodi mkutano wa hadhara hapa Mgogoni. Jua la alasiri lilikuwa zuri, akachukua picha pana ya uwanja mtupu wa majani wakati watu wamekwenda kusali. Mpiga picha hutamka kwenye maikrofoni mahali na wakati, ili mhariri ajue anachokiona. Siku hiyo alisahau. Mkanda ukapanda ndege kwenda Unguja, mhariri akaiweka picha ile juu ya sauti ya hotuba, na kisiwa kizima kikamwona mgombea akiyahutubia majani.

Ikasemwa katumwa na chama pinzani. Hakutumwa na mtu.

Miaka ile watu wa vyama viwili vya siasa walikuwa hawazikani. Mzee Abraham alipofariki mwezi uliofuata, majirani walibaki majumbani, na marehemu alichimba kaburi la baba yake pamoja na wadogo zake. Aliporudi alimwuliza mkewe, "Mimi nitazikwa na nani?"

Akaomba ruhusa kazini. Akapakia kamera, televisheni, jenereta ya kuazima na mkanda mzima usiokatwa kwenye gari la ng'ombe, hadi barazani kwa Mzee Bakar, aliyeongoza mkutano ule.

"Umekuja kutuonyesha majani tena?" Mzee Bakar alimwuliza.

"Nimekuja kukuonyesha wewe mwenyewe, mzee wangu. Kosa ni langu, nisamehe."

Mkanda ukaenda. Watu wakaonekana wakitoka msikitini, uwanja ukajaa, na mbele yao Mzee Bakar akikimbia, kanzu kaishika mkononi, kiatu mguu mmoja. Baraza zima likacheka.

"Zima, bwana, mke wangu asije akaniona!"

"Nimeshakuona!" Bi Mgeni alijibu kutoka ndani.

Wiki ile ile Mzee Bakar na wenzake walikuja kutupa pole ya msiba. Tangu hapo marehemu hakuwasha kamera bila kutamka kwanza mahali, wakati na watu walipo, kama vile: Mgogoni, alasiri, watu wako msikitini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2010. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Chake Chake waliomhudumia kwa upole. Tarehe 2 Juni 2012 majirani walijaa mlangoni mwa wodi. Alifumbua macho, akasema taratibu, kama anayesema kwenye maikrofoni: "Chake Chake, hospitali. Watu wapo." Alifariki alfajiri ya tarehe 4.

Kaburi hili limechimbwa na wanaume wa Mgogoni wa vyama vyote, wakiongozwa na wana wa Mzee Bakar. Hakuna aliyewaita. Familia inawashukuru kwa moyo wote.

Marehemu ameacha mama yake Bi Paskalia, mjane wake Consolatha, watoto watatu, Abraham, Editha na Deogratias, na mjukuu mmoja.

Mgogoni, makaburini. Watu wapo. Pumzika kwa amani, Telesphory.