Papa Mardochée wa Gare na Benchi ya Ukingoni

Miaka thelathini na saba na miezi mitatu: njo muda Papa Mardochée Lukali ameulinda mlango wa gare ya Kindu, stesheni yetu ya treni, tangu tarehe 1 Aprili 1988 mpaka leo, 30 Juni 2025, siku anayorudisha filimbi na funguo. Wakubwa wa gare wameniomba mimi Falone, mfagiaji, niandike maneno haya, kwa sababu mimi njo ninakunywa naye chai kila asubuhi. Shule yangu ni fupi, mnisamehe.

Alianza kwa kubeba mizigo, kabla ya kupewa mlango. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa kijana wa kupiga pasi suruali mpaka ule mstari ungeweza kukata muhogo. Jioni, kazi ikiisha, alitoka kutembea na mke wake Albertine, na mji mzima uliwajua.

Hapa kwetu treni haina haraka. Abiria wanaweza kuingoja siku tatu, hata nne. Papa Mardochée hapendi kuona bibi na bwana wamelala juu ya magunia bila kusemezana. Anawafokea: "Ninyi mumeoana ao mumefungwa pamoja? Musikae hapa sawa mizigo. Muende muone muji!" Halafu anachukua chaki na kuwachorea njia chini kwenye sementi. Kwanza barabara ya nyumba za zamani za watu wa reli, yenye maua mekundu juu ya kuta. Kisha ngazi za kanisa kubwa, saa kwaya inajifunza. Kisha kuvuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, kwani, anasema, muji unaujua ukiuangalia toka ng'ambo. Mwisho kurudi ukingoni, chini kidogo ya bandari, kwenye benchi ya mbao inayotazama maji. Upande wa kushoto unayumba. Huo ulikuwa wa Albertine. Kila ukiyumba, alicheka.

Bruno na Nathalie, watu wa Kalima, walichelewa sana Alunguli mpaka treni ikaondoka bila wao. Walingoja nyingine majuma matatu, na Papa akawapa godoro lake. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Mardochée. Nathalie akipita hapa anapiga kelele: "Papa, treni ilituacha, lakini hatukurudi mikono mitupu!"

Julai 1998 Albertine alipanda treni kwenda Kongolo kumuuguza mama yake. Alisema majuma mawili. Agosti vita ikaanza, njia ikakatika. Majani yalimea katikati ya reli. Papa aliyakata kwa panga, peke yake, bila mtu kumtuma. Kila asubuhi saa kumi na mbili alipiga kengele ya treni isiyokuwepo, na majirani wakazoea kuamkia kengele hiyo. Treni iliporudi kisha vita kwisha, alipita behewa kwa behewa akiuliza. Mmoja alisema alimuona Kabalo. Mwingine alisema hapana. Mpaka leo, treni ikiingia, Papa anasimama palepale, shati limefungwa vifungo vyote.

Tangu mwaka ule hajaenda mbali kupita soko, hata ukingoni. Anaogopa treni ifike yeye hayupo. Na hapo kuna jambo tunalopaswa kukiri mbele yake leo.

Papa, ile benchi haipo. Watu walipikia mbao zake wakati wa vita. Wapenzi uliowatuma walikuta majani na mawe mawili. Wa kwanza walirudi wakitaka kukuambia, lakini uliwauliza "Mulikaa?" na uso wako uliwaka namna ile, wakajibu walikaa. Waliofuata vilevile. Mimi na Exaucé, mtu wangu, kabla hajaenda kuchimba dhahabu Kampene, tulisimama pale na viatu vimejaa matope. Niliporudi nikakuambia, "Tulikaa, Papa." Ukaniuliza kama kushoto bado kunayumba. Nikasema, kidogo.

Jumamosi iliyopita Gérard wa karakana na wenzake walibeba mbao za zamani za reli mpaka ukingoni, wakaunda benchi. Walitaka kuukaza upande wa kushoto usiyumbe. Niliwakataza.

Kwa habari ya Mama Albertine, moyo wako utulie. Kila treni ikiingia, nitasimama mahali pako, mtoto wangu mgongoni. Mtu wangu mimi haji kwa treni, kwa hiyo macho yangu yote yatakuwa kwa wako. Nitamtafuta mama mwenye kovu dogo juu ya nyusi, kama ulivyoniambia. Nitachukua chaki na kumchorea njia, lakini ile fupi, isiyopita Alunguli, ya moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

Asante kwa filimbi, kwa kengele, kwa chai, kwa mji uliotupa. Nenda sasa, mchana bado ni mrefu. Maisha yawe mema kwako, Papa yetu. Ukifika pale, kaa kulia. Kushoto kuna mwenyewe.