Nangila Khisa na Jumamosi Nakuru Ilipoitikia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Mwenye sufuria jikoni, punguza moto kidogo. Leo tunamkumbuka Nangila Khisa, mwimbaji wa roki, binti wa Nakuru, aliyetutoka mwezi uliopita. Alizaliwa Nakuru, akasomea Nakuru, na Jumamosi moja ya Agosti mwaka huu wa 2008 akaimba Nakuru, katika ukumbi wetu wa zamani wa michezo ya kuigiza. Simu za studio hazijanyamaza tangu msiba huo. Karibu kila anayepiga anataka kuizungumzia Jumamosi hiyo. Basi na tuizungumzie. Tutaiona kwa macho ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kikapu mkononi. Mtu huyo ni mama yake Nangila, Mama Nekoye.

Mama Nekoye alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha blanketi. Waliowahi kuingia katika chumba cha kufumia wanajua kelele yake. Mashine hunguruma mpaka meno yanacheza mdomoni. Ukimwita mtu kwa jina, hasikii. Kwa hiyo wanawake wa chumba kile walikuwa na desturi yao. Kila baada ya muda, kiongozi wa safu aliita, "Mko?" Nao wenzake waliitikia kwa pamoja, "Tuko!" Safu isipoitikia, mashine zilizimwa papo hapo, maana huenda leso ya mtu imenaswa. Au mkono wa mtu. Mama Nekoye alikuwa kiongozi wa safu yake mpaka alipostaafu. Hadi leo, anasema, mtu akiita asiitikiwe, yeye huachilia chochote alichoshika.

Nangila alikulia katika nyumba za reli, kwa kuwa marehemu baba yake, Mzee Khisa, alikuwa mtu wa reli. Wakati wa likizo alimpelekea mama yake chakula kiwandani, akasimama mlangoni akijaribu kumwita. Mama hakusikia. Siku moja akamwambia, "Usipigane na mashine, mwanangu. Pitisha sauti juu yake." Wasikilizaji, hilo ndilo somo la kwanza la uimbaji alilopata Nangila Khisa. Hakuna mwalimu wa muziki aliyempa lingine bora kuliko hilo.

Akasomea ualimu chuoni. Huko ndiko alikoonja roki. Akajiunga na Harjit, mpiga dramu, ambaye familia yake inauza vipuri vya trekta mjini. Walifanyia mazoezi katika ghala nyuma ya duka, katikati ya magurudumu. Harjit anakumbuka siku Mama Nekoye alipokuja kumtafuta binti yake ghalani.

"Alisimama akasikiliza wimbo mzima," anasema Harjit. "Nikafikiri amependa. Kisha akaniuliza, 'Boss, huo ni wimbo ama kuna mtu ameumia?'"

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu ulianza vibaya, kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Hatuna haja ya kukumbushana. Watu walihama mitaa waliyozaliwa. Wengine wetu tuliacha kuwasalimia majirani. Mama Nekoye, mjane, alitaka kitu kimoja tu: mwanawe awe mahali salama, penye ua na lango, na kazi inayoeleweka. Na kazi ilipatikana. Kulikuwa na nafasi ya kufundisha katika shule moja kule Kabazi, kuanzia muhula wa tatu. Nangila hakuitaka. Alitaka kuimba. Walibishana nyumbani mpaka majirani wakajua maneno yote ya pande zote mbili.

Mwishowe wakapatana. Bendi ilikuwa imekodisha ukumbi. Mama angekuja, mara moja tu, aone kwa macho yake.

"Nilimwambia wazi," anasema Mama Nekoye. "Watu wakikupokea, imba, sitakusumbua tena. Watu wakikukataa, Jumatatu uko Kabazi na chaki mkononi, na hilo gitaa linaingia chini ya kitanda. Akasema, 'Sawa, Mama.' Nangila alikuwa mtu wa kutimiza neno lake. Hilo nililijua, ndiyo maana nilimfunga hivyo."

Onyesho liliwekwa mchana, kwa sababu watu walikuwa bado wanaogopa giza. Na watu walikuja, wasikilizaji. Walikuja kutoka kila pembe. Chepkurui, mwanafunzi wa uuguzi, alitoka Molo akiwa ndani ya lori la viazi, pembeni ya dereva, akashuka Nakuru sweta lote limejaa udongo. Wanyoike, fundi seremala wa Bahati, alifunga karakana mapema. Hajawahi kufunga karakana mapema hata siku ya harusi ya dada yake, na dada yake bado analizungumzia. Katika safu ya mbele alikaa Madam Sarla, mwalimu mstaafu wa fasihi, sari yake ya samawati imenyooka, miwani puani. Nangila alikuwa mwanafunzi wake. Nusu ya ukumbi walikuwa wanafunzi wake.

Mama Nekoye alifika akitokea sokoni. Askari wa mlangoni alimtazama na kikapu chake cha sukuma wiki.

"Mathe, umepotea. Maombi ni ukumbi wa kule juu."

"Nimekuja kwa muziki."

"Huu ni muziki wa roki, mathe. Ni wa vijana."

"Na mimi nimemzaa huyo kijana. Songa."

Akaingia, akasimama nyuma. Hakutaka kukaa. Aliyekaa, anasema, ameshakubali.

Taa zikazimwa. Pazia likafunguka. Hapo Chepkurui husimulia mpaka anakosa pumzi. Anasema Nangila alitoka na gauni jeusi na viatu vya raba, gitaa jekundu begani, akapiga mara moja tu, na ule mlio ukapita chini ya viti ukapanda miguuni. Kisha akafungua kinywa.

"Ilikuwa sauti ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya kitu kikubwa," anasema Chepkurui. "Sauti inapita juu ya dramu, inapita juu ya gitaa, inakufikia wewe peke yako. Nilitaka kuruka. Naapa, mwili wote ulitaka kuruka."

Lakini Chepkurui hakuruka. Wanyoike hakuruka. Hakuna aliyeruka.

Kwa nini? Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mliosomea huku mnalijua jibu. Ukumbi ule wengi wetu tuliingia mara ya kwanza tukiwa na sare ya shule, tumeletwa kutazama michezo ya vitabu vya mtihani. Na sheria ilikuwa moja: ukipiga kelele, unatolewa nje. Na aliyekuwa akiwatoa watu nje, miaka nenda miaka rudi, alikuwa Madam Sarla. Yuleyule aliyekaa safu ya mbele.

"Niliiona ile nywele yake iliyofungwa," anasema Wanyoike. "Mimi nina watoto wawili na karakana. Lakini niliiona ile nywele, nikaweka mikono kwa magoti."

Madam Sarla mwenyewe anacheka sana akikumbuka. "Nilikuwa nimefurahi kweli," anasema. "Nilikaa pale nikisema moyoni, tazama, watoto hawa hatimaye wamejifunza adabu."

Wimbo wa kwanza ukaisha. Watu wakapiga makofi madogo, kama yale ya mwisho wa onyesho la kwanza la mchezo, wakanyamaza. Wimbo wa pili ukaisha. Makofi madogo, kimya. Na haikuwa adabu peke yake. Watu walikuwa wanatazamana gizani. Nani amekaa karibu nami? Anatoka upande gani? Tangu Januari, watu wengi hivyo wa Nakuru hawakuwa wamekaa chini ya paa moja kwa furaha.

Mama Nekoye hakujua habari za michezo ya vitabu. Yeye aliona ukumbi uliojaa, na watu waliokaa kama wako matangani. Akaelewa jambo moja tu: wamemkataa. Ameshinda. Jumatatu, Kabazi.

"Je, nilifurahi?" anasema. "Nilikuwa nimeombea jambo hilo wiki nzima. Likaja. Nikashika kikapu vizuri nikageukia mlango, na nikaona uchungu ambao sikuutegemea. Nilitaka kuwauliza wale watu, mnamnyamazia mtoto wangu kwa nini? Amewakosea nini?"

Wimbo wa tatu ukaanza na dramu pekee. Harjit alipiga mdundo mzito, wa kujirudia, usiokoma. Mama Nekoye akasimama pale pale mlangoni. Mdundo huo aliujua. Ulikuwa mdundo wa chumba cha kufumia. Nangila alikuwa amemfundisha Harjit kwa kugonga meza, na mama yake hakuambiwa.

Nangila akaliacha gitaa lining'inie. Akaita, "Mko?"

Kimya.

Wanyoike anaeleza: "Mimi nilidhani ni sehemu ya mchezo. Nikadhani kuna mwigizaji mwingine nyuma ya pazia, yeye ndiye ataitikia. Nikawa nangoja huyo mwigizaji atokee."

Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja huyo mwigizaji.

Nangila akaita tena. "Mko?"

Kimya. Harjit anasema aligeuka akamtazama. "Nilijua uso ule. Nilijua akiita mara ya tatu bila jibu, anashuka. Na akishuka, bendi imekwisha. Nilizidisha dramu nikiomba."

"Mko?"

Mama Nekoye anasema hakuamua. Hakuwa na wakati wa kuamua. Alichokiona mbele yake ni safu isiyoitikia, na mashine zinaendelea kuzunguka. Kikapu kikaanguka, sukuma wiki ikatapakaa zulia zima, na sauti ile ya kiwandani, ambayo hakuwa ameitumia tangu astaafu, ikamtoka kifuani.

"Tuko!"

Vichwa vyote vikageuka. Jukwaani, Nangila akaweka mkono kinywani. Harjit hakuacha kupiga. Na katika safu ya mbele, Madam Sarla akainuka polepole, akawageukia wanafunzi wake wa zamani, akavua miwani.

"Mmeitwa mara tatu," akasema. "Nani aliwafundisha kunyamaza mkiitwa?"

Wanyoike hajui ujasiri aliupata wapi. Akasema kutoka katikati ya ukumbi, "Ni wewe, Madam."

Wasikilizaji, ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Madam Sarla akacheka mpaka akajishika kwenye kiti. Kisha akainua mkono. "Basi leo sheria nimebadilisha. Simameni."

Wakasimama. Wote. Nangila akaita, sasa machozi yakimtiririka, na Nakuru ikaitikia. Waliokuwa nje barabarani wanasema walisikia. Chepkurui alipiga kelele mpaka skafu ikamtoka kichwani. "Nilijikuta nimeshika mkono wa mama fulani simjui," anasema. "Sikumuuliza anaitwa nani, sikumuuliza ni wa wapi. Tulirukaruka tu. Mwaka huu wote sikuwa nimemshika mtu nisiyemjua." Wanyoike alicheza na askari wa mlangoni. Madam Sarla alicheza kwa kiasi, anasema yeye. Wengine wanasema hapakuwa na kiasi chochote. Nyimbo zilirudiwa. Wimbo wa tatu ulirudiwa mpaka Harjit akalia kwamba mikono inamwaka.

Baadaye Nangila alimkuta mama yake amepiga magoti mlangoni, akiokota mboga.

"Mama. Ulikuwa umeshinda."

"Uliita. Nifanye nini?"

"Na Kabazi?"

"Kabazi watapata mwalimu. Shika hii sukuma, iliyobaki imekanyagwa na mashabiki wako."

Nangila Khisa aliimba kuanzia Jumamosi hiyo hadi Novemba. Aliimba Bahati, akaimba Molo katika baridi ile, akaimba kwenye harusi ya Kihindi ambako Harjit anasema wazee waliomba wimbo wa kiwandani mara nyingi kuliko vijana. Kila alikokwenda, Mama Nekoye alikwenda. Alibeba sweta na chupa ya chai ya tangawizi. Kisha homa ya mapafu ikamshika Nangila. Ilimshika kwa nguvu na haikumpa nafasi. Alifariki mwishoni mwa Novemba, mama yake akiwa kando ya kitanda.

Tulimuuliza Mama Nekoye, kwa woga, kama anafikiri leo binti yake angekuwa hai lau angekwenda Kabazi. Alisema hivi, nasi tunayaweka maneno yake kama alivyoyasema:

"Nimejiuliza. Usiku najiuliza. Labda angekuwa hai, sijui, Mungu ndiye anajua. Lakini angekuwa Kabazi, na mimi ningekuwa na mtoto ambaye simjui. Miezi ile nilimjua. Nilijua anapenda nini, anacheka na nani, anaogopa nini kabla pazia halijafunguka. Nilimpata mwanangu akiwa mtu mzima, na nilikuwa nimekaribia kutoka mlangoni."

Kwa Mama Nekoye, kwa Sitati, kaka yake Nangila, kwa Harjit na bendi nzima, na kwa jamaa wote walioko Bungoma alikozikwa, studio hii inawapa pole kwa moyo wote. Msiba wenu ni wetu. Mungu awashike mkono.

Na ninyi mliokaa na watoto wenu sebuleni tunapozungumza, watazameni. Kuna anayechora nyuma ya daftari la hesabu. Kuna anayegonga ndoo mpaka mnamfukuza nje. Hatusemi kila mmoja wao atajaza ukumbi. Tunasema, nendeni mkawasikilize, hata mara moja, na mkienda msisimame karibu na mlango.

Bendi ilikuwa imeshalipia ukumbi kwa onyesho la Desemba. Harjit alitaka kulifuta. Mama Nekoye akakataa. Jumamosi ijayo, mchana, watapiga nyimbo za Nangila, na Mama Nekoye ameomba kiti kimoja katika safu ya mbele, karibu na Madam Sarla. Amesema safari hii atakaa.