Mzee Vua Shati, Mganga wa Ngozi za Kila Rangi

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni binti yake wa pekee. Sauti ikitetemeka, mnivumilie.

Marehemu baba yangu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, nyuma ya duka la fundi cherehani, akiwa kitinda mimba wa watoto saba. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kisiwani, kisha chuo cha uganga, akahitimu mwaka 1972.

Mwaka uliofuata aliajiriwa zahanati ya ngozi, akadumu miaka thelathini na minane. Vitabu alivyopewa vilikuwa na picha za Wazungu tu, kila ugonjwa mwekundu. Wagonjwa wake sasa! Weusi tii, maji ya kunde, weupe pee, machotara wa kila namna. Basi akachora mwenyewe kwa penseli za rangi, ugonjwa mmoja kwenye ngozi nne. Hata harusini alimwambia bwana harusi, "Hebu vua shati." Jina likamganda.

Mwaka 1978 alimwoa mama, mgonjwa wake wa mba. "Alinichumbia huku ananipaka dawa shingoni," mama husema. "Ningekimbilia wapi?"

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Baba aliwinda ukoma kuliko maradhi yote. Mgonjwa alifumba macho, baba akaligusa baka kwa pamba: "Unahisi?" Asiyehisi alianzishiwa vidonge siku hiyo hiyo. "Usiogope, huu unatibika."

Miaka mitatu iliyopita aliona baka mkononi mwangu. Hakuniambia nifumbe macho. Mwanawe wa kumzaa angemshukuje? Niliitazama pamba ikitua. "Nahisi, baba," nikasema. Wallahi, sikuhisi kitu. Niliogopa, jamani. Niliogopa kunyooshewa vidole, niliogopa wanangu watengwe shuleni.

Tarehe 9 Januari 2024 alipatwa na kiharusi, ulimi ukafungwa. Kila nilipomlisha, alinipandishia mkono wa gauni kwa ule mkono wake uliobaki na nguvu, akalikodolea baka. Nami nikaushusha. Sasa yamekuwa mawili. Alifariki tarehe 22, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mimi, na wajukuu watatu wanaolala nami kitanda kimoja. Mdogo ana doa shavuni tangu mwezi uliopita, na kila anayeuliza namwambia ni mba. Kesho saa mbili tutakuwa zahanati, sote wanne. Hata sasa naogopa.

Apumzike kwa amani. Yeye hakukosea kupima. Mimi ndiye niliyemdanganya.