Placide Cirimwami Lushombo, Aliyepiga Picha Moja Kila Siku

Wapendwa katika Bwana, majirani wa Berea, na ninyi mliosafiri kutoka mbali, familia inawashukuru kwa kufika. Ndugu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 2 Novemba 2019, alikuwa mtu mwenye hofu. Hatusemi hivyo kwa kumdharau. Yeye mwenyewe alilisema mbele ya kanisa zaidi ya mara moja, na tukilificha tutakuwa tunasimulia maisha ya mtu mwingine.

Placide alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, Kivu Kusini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Ignace Lushombo, fundi cherehani, na Mama Clémentine M'Cirhuza, aliyeuza unga wa muhogo sokoni. Mama yake husimulia kwamba mtoto huyo hakuweza kukaa peke yake radi ikipiga, na Bukavu ni mji wa radi. Alikuwa akiingia chini ya cherehani na kukumbatia mguu wa baba yake. Baba hakumfukuza. Alimwambia tu, "Shika huo mwingine, huu uko kazini," akaendelea kushona.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari huko huko Bukavu, akapata diploma yake ya ualimu mwaka 1991. Alifundisha darasa la tatu kwa mwaka mmoja, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na watoto walikuwa wengi. Mwaka 1993 aliingia studio ya Mzee Salum, pale Nyawera, kujifunza kupiga picha. Mzee Salum alimfundisha kwamba mtu akiketi mbele ya kamera anakuwa kama yuko mbele ya hakimu, na kazi ya mpiga picha ni kuzungumza naye mpaka mabega yashuke. Placide aliliweza hilo mapema kuliko wenzake. Aliiona hofu ya mtu kabla mwenyewe hajaketi, akaanza kumuuliza habari za nyumbani.

Vita vya Juni 2004 vilimtoa Bukavu. Alipita Uvira, akavuka ziwa hadi Kigoma, na baada ya miezi mingi ya njia ambayo hakupenda kuisimulia, aliingia Johannesburg Februari 2005. Alipata chumba Berea, katika nyumba waliyogawana watu wengi. Akaweka meza ndogo katikati ya mji, karibu na ofisi za vibali, akawapiga picha za pasipoti wakimbizi waliokuwa kwenye foleni. Jumamosi alipiga harusi, na Jumapili ubatizo.

Katika kwaya ya kanisa alikutana na Orpha Nabintu, msusi wa nywele, binti wa Uvira. Harusi yao ilipangwa tarehe 24 Mei 2008. Siku hizo wageni walikuwa wakipigwa na kuchomewa nyumba humu mjini, ikabidi iahirishwe mpaka tarehe 13 Desemba. Bwana harusi alikuwa mpiga picha na aliyekuwa akimpiga picha alikuwa mwanafunzi wake, kwa hiyo wote waliokuwapo wanakumbuka jinsi alivyokuwa akiinuka kwenye kiti cha heshima kwenda kurekebisha kamera. Mara ya nne Orpha alimshika koti. "Keti, Placide. Leo umekuja kuoa." Mungu akawabariki na Arlène mwaka 2010 na Gradi mwaka 2013.

Alhamisi tarehe 16 Aprili 2015, Placide akiwa kwenye meza yake, kundi la watu wenye fimbo, likiwasaka wageni, lilitokea kwenye kona. Alikimbia. Mmoja wao aliikamata kamera kwa mkanda, naye akauacha mkanda pamoja na kamera. Mwanamke mmoja wa hapa hapa, muuza mboga, alimfunika kwa turubai lake na kuketi juu ya ukingo wake mpaka wale watu wakapita. Placide hakuwahi kujua jina lake, lakini alimwombea kila siku.

Alifika nyumbani, akafunga mlango, na hakutoka tena. Wiki ya kwanza watu walisema ni busara. Wiki ya pili mtaa ulitulia, wenzake wakarudi kazini, yeye akabaki. Alikuwa akivaa viatu asubuhi, anafika mlangoni, anashika komeo, jasho linamtoka, anarudi kuketi kitandani. Orpha aliondoka alfajiri kwenda saluni Randburg, kaskazini mwa mji, na kurudi jioni, na mume wake alikuwa amevaa viatu vile vile, havina vumbi. Aliogopa kwamba siku moja angemkuta hawezi hata kufika mlangoni. Mtu akishindwa na mlango wake mwenyewe, atawalea vipi watoto? Watamzika akiwa hai?

Pasta wetu, Astère, aliomba naye. Orpha naye aliomba, kisha akaazima kamera ndogo kwa Lambert, rafiki yao anayelinda maghala huko Midrand, akaiweka mezani.

"Baba Arlène, siku moja, picha moja. Ukishapiga, kaa."

"Nipige nini humu ndani?"

"Chochote. Lakini ya leo isifanane na ya jana."

Picha ya kwanza ni ya tarehe 4 Mei 2015. Ni nguo za jirani zilizoanikwa kwenye baraza la ng'ambo, na ukingo wa pazia umeingia kwenye picha, kwa sababu mpiga picha hakuthubutu kulifungua lote. Kisha akapiga sufuria, kiti, mkono wa Gradi ndani ya bakuli la uji. Kila jioni aliiweka picha ya siku kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na huko Bukavu mdogo wake Thierry alimwonyesha mama yao. Lambert hakumwacha apumzike.

"Mzee, sufuria hiyo umeipiga mara ngapi? Imechoka kutabasamu."

"Nina kazi gani nyingine, ndugu yangu? Vitu vya nyumba hii vimekwisha."

"Basi eish, kwenye korido kuna vingine!"

Ndivyo alivyotoka. Vitu vya ndani vilipokwisha, alifungua mlango na kupiga korido. Korido ilipokwisha, akapiga lifti iliyokufa zamani, halafu ngazi, ghorofa moja baada ya nyingine. Anayezitazama picha hizo kwa mfuatano anaweza kuona hofu ikisogea. Mwezi wa Julai alifika kwenye geti. Agosti alipiga spaza, kiduka kilicho chini ya jengo, na mwenye spaza akamwambia, "Kumbe bado uko! Tulidhani umehama." Kabla ya Krismasi alifika kwenye robot ya kona, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, na aliporudi juu alitapika. Lakini alikuwa amefika. Orpha alikaanga samaki jioni hiyo kama siku ya sikukuu. Baada ya hapo akarudisha meza yake, safari hii hapo hapo kwenye kona, na zaidi ya hapo hakwenda peke yake. Kanisani na harusini alikwenda akiwa katikati ya watu.

Mwaka 2016 yalitokea yale ambayo wengi wenu mnayajua. Placide alimpiga picha Lambert akiwa amevaa suti mpya, peke yake, macho yameelekea juu, picha nzuri mno, akaiweka kwenye stetasi bila neno lolote. Kwetu sisi, picha ya mtu mmoja ikiwekwa namna hiyo, huyo mtu amekufa. Huko Bukavu jamaa wa Lambert waliiona. Wakampigia, na simu yake ilikuwa imezimwa kwa sababu alikuwa zamuni. Walitandika turubai, wakaazima viti, matanga yakaanza. Lambert alipowasha simu alimkuta shangazi yake akilia.

"Shangazi, ni miye, Lambert."

"Usinitese! Lambert tunamlilia hapa."

"Mnanililia nini, na miye niko Midrand?"

Shangazi aliacha kulia. "Sasa wali huu wote umeshaiva, tuufanye nini?"

Watu walicheka mwaka mzima, ila Placide hakucheka. Alihisi ameita kifo kwa mkono wake, akakaa siku mbili bila kula. Tangu hapo hakumpiga tena picha mtu akiwa peke yake. Hata kitoto kichanga, lazima uone kiganja cha mtu mwingine begani au ubavuni. Ndiyo maana katika picha zake za miaka iliyofuata watu wote wameguswa na mtu.

Februari 2018 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo, umepanuka. Alimpa dawa na kumkataza haraka, mizigo na ngazi nyingi. Placide aliishi ghorofa ya nne na lifti haikufanya kazi. Akaanza tena kubaki ndani, na picha zikarudi kwenye korido, kisha dirishani. Orpha aliziangalia kila jioni. Aliogopa kuuliza kama kilichomrudisha ndani ni moyo au ni ile hofu ya zamani.

Jumatatu tarehe 2 Septemba 2019 vurugu zilianza tena mjini. Orpha alikuwa saluni Randburg pamoja na wasusi wenzake wawili, Fiona na Mwanaharusi. Walisikia kwamba kundi linakuja upande wao, wakateremsha mlango wa chuma na kujifungia. Orpha alimpigia mume wake simu kwa kunong'ona. "Usitoke. Kaa na watoto." Kisha simu yake ikaisha chaji.

Placide alisimama katikati ya chumba. Akamwita jirani, Mama Gaudiose, akamwomba akae na watoto. Mama Gaudiose anasema mikono yake ilitetemeka hata hakuweza kufunga kamba za viatu, akamfungia yeye.

"Baba Arlène, daktari alisema nini?"

"Mama Gaudiose, kaza hapo kidogo."

Kamera ilibaki mezani. Tangu Mei 2015, hiyo ndiyo siku pekee isiyo na picha. Aliteremka ngazi zote, akaipita spaza, akaipita robot ya kona. Alipata teksi iliyokubali kwenda kaskazini, ikamshusha katikati ya njia kwa sababu mbele palikuwa pamefungwa na matairi yanayowaka. Akamalizia kwa miguu kupitia mitaa ya nyuma, akisimama kila baada ya nyumba chache kuvuta pumzi, na kila aliposikia kelele alishika ukuta.

Wale wanawake watatu walisikia mlango wa chuma ukigongwa. Mwanaharusi alianza kuomba dua, Fiona akaziba mdomo wake mwenyewe.

"Orpha, ni miye."

"Usifungue," Fiona alinong'ona.

"Mume wangu havuki robot ya kona," Orpha alisema. Kisha akaukaribia mlango. "Kama ni wewe, Arlène alizaliwa lini?"

"Jumapili. Wakati wa sadaka. Ulinikanyaga ukitoka kanisani."

Walifungua. Placide aliingia, akaanguka kwenye kiti cha kuoshea nywele, midomo imegeuka rangi. Orpha alimpigia kelele huku akimfuta uso kwa taulo.

"Kwa nini umekuja? Ungetufanyia nini, wewe na moyo huo?"

"Sijui," alisema. "Niliogopa zaidi kubaki."

Alikaa nao mpaka jioni. Hakuwa na fimbo wala nguvu. Alifanya alichokijua tu: alimuuliza Fiona habari za nyumbani kwao, akamuuliza na Mwanaharusi, mpaka mabega yao yakashuka. Mwenye saluni, mama wa Kizulu, ndiye aliyekuja na gari lake akawatoa wote wanne, akawafikisha Berea hadi getini. Mungu amkumbuke.

Baada ya siku hiyo moyo wa Placide haukupata nguvu tena. Tarehe 14 Oktoba alilazwa hospitalini. Pasta Astère alikwenda kumwona, akamwambia, "Ndugu Placide, usiogope." Naye akajibu, "Pasta, naogopa sana. Niombee hivyo hivyo nilivyo." Pasta aliomba hivyo hivyo. Hofu yake kubwa ilikuwa kuachwa peke yake. Kila saa ya wageni ilipokwisha alishika mkono wa Orpha, na wauguzi, kwa wema wao, walimwachia akae mpaka Placide asinzie.

Ijumaa tarehe 25 Oktoba zilisikika habari kwamba njia si salama tena. Saa kumi jioni, hata kengele ya kuwatoa wageni haijapigwa, Placide aliuachia mkono wa mke wake.

"Nenda, mama Arlène. Nenda kabla giza halijaingia."

"Nitakaa mpaka ulale."

"Nenda. Teksi zitakwisha."

"Na wewe utaweza?"

"Sitaweza," alisema. "Nenda tu."

Orpha alikwenda, akafika salama, akampigia kumwambia amefika na mlango umefungwa. Placide alisema, "Asante Yesu." Alifariki alfajiri ya Jumamosi tarehe 26 Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Muuguzi wa zamu alituambia kwamba alikuwa macho, na hakuita mtu.

Placide ameacha mjane, Orpha Nabintu. Watoto wawili, Arlène na Gradi. Mama yake, Mama Clémentine, ambaye wazee wa kanisa walimwendea nyumbani Bukavu wakamwambia ana kwa ana. Wadogo zake, Thierry aliye Bukavu na Marthe aliye hapa Berea. Na rafiki yake Lambert, ambaye familia inamhesabu kama ndugu wa tumbo moja.

Bwana, uliyemwona akitetemeka na akienda, mpokee mtumishi wako. Umlaze penye utulivu, na usimwache peke yake. Amina.