Fundi Trajanka Afunga Kisanduku cha Bisibisi

Miaka arobaini kamili, haikuzidi siku wala kupungua: kuanzia Machi 22, 1984 hadi Machi 22, 2024, sikukuu ya Mashahidi Arobaini. Mimi Panče, dereva wa karakana yetu ya fulana hapa Štip, nimeombwa niandike habari za Fundi Trajanka Donevska anayestaafu. Nimembeba kwenye gari miaka kumi na tisa. Na tusifichane, hapa kazini nani mwingine ana maneno matamu kama yangu? Shule niliishia darasa la nane. Yaliyobaki nilifundishwa na barabara ya Trieste.

Aliingia kiwanda kikubwa cha nguo cha hapa mjini ana miaka ishirini na miwili, kazi yake kukata nyuzi zilizoning'inia. Wenye umri wetu wanakikumbuka kile kiwanda: king'ora cha alfajiri, wanawake mamia kwa mamia wakiteremka na makoti ya rangi moja, mkononi kipande cha mkate wa nyama bado kinatoa moshi. Siku hizo cherehani za ovaloki, zile zinazokata ukingo wa kitambaa na kuufunga hapohapo kwa nyuzi nne, hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kuzifungua. Basi siku moja fundi mwanamume wa mashine hizo akanogewa na harusi huko Kočani, hakurudi. Trajanka akafungua mashine iliyokwama kwa kisu cha siagi. Fundi alipofika kesho yake akaikuta inaimba.

"Nani kamgusa mke wangu?" akafoka.

"Mkeo alikuwa na uchafu kooni, kaka. Nimempigisha mswaki tu."

Tangu siku ile akapewa bisibisi yake.

Kiwanda kilipofungwa, wengi walilia. Yeye alilia pia, lakini huku anakusanya sindano sakafuni. Karakana yetu ilipoanza kugawa ovaloki kwa kina mama washone majumbani, ndiye aliyezitunza zote, nyumba thelathini na moja, theluji au jua. Mimi nimeendesha hadi Graz na Thesaloniki, nimewaona mafundi wenye vyeti vya fremu ya dhahabu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama nje ya mlango, akasikiliza mashine inavyogonga, akasema, "Sindano imepinda," kabla hajavua viatu.

Mama Kirila alikuwa na ugonjwa wa vitufe, vile vya kukazia nyuzi. Uzi ukilegea kidogo tu, anavizungusha vyote vinne. "Hiyo siyo redio, Kirila! Unatafuta stesheni gani?" Kuna mwingine, jina nalisitiri, aliipaka mashine mafuta ya alizeti, ikaganda kama gundi. Trajanka akainusa. "Dada, hii ni mashine au kikaango?" Akaisafisha kutwa nzima, na jioni akakubali kula pilipili za kukaanga za nyumba ile kwa mafuta yaleyale.

Vuli iliyopita macho yake yalianza kumwangusha. Ndoano za chini, pale uzi unapopita mahali pembamba kuliko pote, alikuwa anazitunga kwa kupapasa. Akatangaza kustaafu. Meneja Gligor naye akasema lake: bila fundi, hakuna mashine majumbani, zote zirudi karakana. Tuliona nyuso za kina mama zilivyobadilika. Mama Kirila ana mume asiyeinuka kitandani. Akiambiwa ashone karakana, ni sawa na kuambiwa aache kazi.

Trajanka akamwambia Gligor, "Nipe majira haya ya baridi niwafundishe. Machi Mosi naondoa mkono. Kuanzia hapo hadi siku yangu ya mwisho, ikibebwa hata mashine moja kuletwa kutengenezwa, chukua zote."

Gligor akakubali. Na mimi nikawasha gari.

Nyumba kwa nyumba, kahawa kwa kahawa, aliimba wimbo uleule. Chomoa umeme. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla hujakanyaga. Fungua mlango wa mbele, piga brashi, toa manyoya ya nyuzi. Badilisha sindano. Uzi ukikatika, usiunge. Chomoa nyuzi zote utunge upya tangu mwanzo, kwa mpangilio. Vitufe ni vya mwisho kabisa, Kirila! Aliyelalamika kwamba tundu halionekani aliambiwa, "Mimi ninayeona ukungu natunga. Wewe umepewa macho mawili bure?"

Siku za Machi zikapita moja moja, hakuna mashine iliyorudi. Ikafika sikukuu ya Mashahidi Arobaini. Asubuhi tukapanda kilima cha Isar kama kila mwaka, tukasalimia watu arobaini, tukaokota kokoto arobaini. Thelathini na tisa zinatupwa mtoni, moja inalazwa chini ya mto wa kulalia pamoja na ombi lako. Ombi langu lilikuwa mashine ya mke wangu Sevda isichukuliwe. Sasa mimi na akili zangu nikafikiri: kitandani kuna mashine gani? Nikaitia kokoto ndani ya mlango wa mbele wa ovaloki. Nikajipongeza.

Mchana Gligor na Trajanka wakapita kwetu kunywa kahawa. Sevda akakaa kumalizia fulana zake. Akazungusha gurudumu kwa mkono. Likakwama.

Trajanka akakalia mikono yake, kweli kabisa, akaikalia kama mtoto, isije ikagusa mashine.

"Labda kaza kile kitufe," nikasema.

"Panče, funga mdomo. Hili siyo lori," Sevda akanikata.

Akachomoa umeme, akafungua mlango, akapiga brashi. Manyoya yakatoka, kisha kitu kikaanguka kwenye vigae: ting! Gligor akakiokota, akakigeuza. "Hii nayo ni nini?"

Nikaungama. Trajanka alicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. "Mdogo wangu," akaniambia, "angekanyaga, ndoano ingevunjika vipande viwili. Ungetuzika wote kwa dua yako."

Sevda akatunga nyuzi zote nne upya, tangu mwanzo, bila kumtazama mtu. Akarudisha umeme, akakanyaga. Mshono ukatoka umelala kama nywele zilizochanwa. Gligor akavaa kofia yake. "Basi zibaki," akasema, akamalizia kahawa akiwa amesimama.

Hapo ndipo Trajanka alipoufunga ule mlango wa mashine kwa mkono wake, mguso wake wa mwisho kazini. Kisanduku cha bisibisi akamwachia Sevda. Yeye aliomba kokoto tu.

Fundi Trajanka, dada yetu, kwa niaba ya nyumba thelathini na moja na dereva mmoja mjinga: asante. Ukizisikia cherehani zinanguruma mtaani, usisimame mlangoni kusikiliza. Pita zako, ukapumzike. Tunakuombea siku nyingi, zenye afya na vicheko, na uzi wako usikatike. Kokoto yangu ilale chini ya mto wako. Ombi lake limeshajibiwa. Sasa weka la kwako.