Tumbo Alilolifungua Dakta Machibya

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: Dakta Machibya Ngassa, anayestaafu tarehe 30 Juni 2004 baada ya miaka thelathini ya upasuaji, ananyimwa mkataba wa nyongeza kwa sababu alikataa kumkata mgonjwa kwa kubahatisha.

Alitumikia hospitali za serikali, kisha akaja kwenye hospitali yetu ya binafsi hapa Bariadi tiba iliporuhusiwa kuwa biashara ya watu binafsi. Wagonjwa wa kijiji cha Migato humwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Ngosha!" kabla hajashuka kwenye pikipiki. Katika chumba cha upasuaji amepiga marufuku jibu moja tu: "Ndiyo, daktari." Kabla ya kukata, kila aliyepo hutaja anachokiona kwenye skrini. Mmoja akisita, mkasi unasubiri.

Machi mwaka huu alilazwa mama Nyamizi, mkulima wa pamba wa Nkoma, mwenye vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Tangazo letu la redio lilikuwa limemwahidi upasuaji wa matundu madogo tu na kurudi nyumbani kesho yake. Kamera ilipoingia kupitia tundu moja, mrija uliosubiri kukatwa ulionekana mnene kupita kawaida.

"Mimi huo siuamini, mzee," alisema msaidizi wa Machibya, Dakta Joakim. "Naona kama unatoka kwenye ini."

"Hata mimi. Tufungue."

Tumbo likafunguliwa. Mrija wa upande wa kulia wa ini ulikuwa umejiunga na ule wa mfuko wa nyongo, mahali ambapo kwa watu wengi haupiti. Ungekatwa, nyongo ingevujia tumboni, na pengine tungemzika. Mama mwenyewe, alipopewa pole kwa kovu, alifoka: "Niacheni na kovu langu! Kwani mnataka kuniposa?"

Meneja wetu, Bwana Thomasi Jilala, mhasibu kitaaluma, hakucheka. "Mteja alinunua matundu, ninyi mmempa mshono," alitukemea kikaoni, kisha akaamuru tumbo lisifunguliwe tena bila idhini yake, na mkataba wa Dakta akauweka kando. Idhini ya mhasibu! Miili ya watu haifuati michoro ya vitabu vyetu, sembuse matangazo ya redio.

Dakta, tunakushukuru. Kaa kwa amani kwako Ngulyati, na ng'ombe wako wawe wasikivu kuliko uongozi wetu.

Nawe Bwana Jilala, Ijumaa kwenye sherehe ya kumuaga utashika kipaza sauti. Mgonjwa mwingine amepangiwa upasuaji Jumatatu. Tuambie mbele ya wote: amri yako unaifuta, au unaitetea?