Mvuto Mmoja wa Othmar

Pale Lituhi, ukishuka kuelekea ufukweni, kuna ubao wa boti iliyokufa zamani umelazwa juu ya mawe, na hicho ndicho kijiwe. Marselina anauzia kahawa hapo, kahawa ya kwao Mbinga. Anaikaanga mwenyewe, anaitwanga mwenyewe, na ukimwambia ni chungu anakuuliza nani alikuita. Asubuhi hiyo ubaoni walikaa wawili tu, Mzee Leopold na Cuthbert. Wa tatu wao, Othmar, alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, anavuta kamba ya injini ya boti yake, na injini haitaki hata kukohoa.

Othmar jina lake la kijiweni ni Mvuto Mmoja. Injini yenyewe ni ya zamani, rangi imebaki huku na kule, lakini miaka yote alikuwa akivuta kamba mara moja tu, nayo inanguruma. Wenzake wanatoka jasho, yeye anatoka ufukweni amekaa kama bwana harusi. Jina hilo alilipenda mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Siku moja alipokuwa akisifiwa hapo hapo ubaoni, mtu akamtaja mkewe Serafina, ambaye hutoka naye kila safari kununua dagaa kwa wavuvi. Othmar akacheka, akasema mke wake ndani ya boti ni mzigo tu, injini ni yeye.

Sasa Cuthbert anaitwa Redio, na hakupewa jina hilo kwa kumwonea. Kabla ya jioni maneno yalikuwa yamefika sokoni, na sokoni ndipo Serafina alipokuwa na sinia lake la dagaa. Hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake, akamwambia mumewe kwamba mzigo umeshuka, akaenda kwao Liuli. Othmar alipotuma watu kuomba radhi, baba mkwe akajibu kwamba binti yao alichukuliwa kwa boti siku ya ndoa, basi afuatwe kwa boti ile ile, na mwenyewe aje. Siku ikapangwa. Asipotokea, mzee hatakaa tena kikao kwa ajili hiyo, na Serafina ataendelea na biashara yake huko huko kwao.

Siku iliyopangwa ndiyo hiyo. Upepo wa mwera ukianza, ziwa halitapitika kwa boti ndogo, na mwera hauna kawaida ya kumsubiri mtu. Othmar alikuwa amevaa shati lake la kanisani, na shati lilikuwa limeshalowa.

Mzee Leopold ndiye aliyeanza. Huyo anaitwa Injinia, kwa kuwa aliwahi kuendesha mashine ya kusaga kule Tingi, na tangu hapo hakuna chombo chenye mafuta asichokitolea hukumu. Alimwamuru Othmar afungue plagi. Plagi ikafunguliwa, ikafutwa kwa pindo la shati la kanisani, ikarudishwa. Kimya. Akasema basi ni petroli, imechakachuliwa. Petroli ikabadilishwa. Kimya kile kile. Mzee akanywa kahawa, akatazama ziwa kwa muda, akasema sasa ameelewa: boti ililala imeinamia upande wa Malawi, kwa hiyo mafuta yote yamekimbilia huko.

— Kwa hiyo yamevuka mpaka, Marselina akasema.

— Usicheke, mama. Mafuta yana tabia zake.

Boti ikageuzwa. Mafuta hayakurudi kutoka Malawi.

Cuthbert naye hakutaka kupitwa. Alieleza kwamba tatizo ni mnara wa simu, ule mpya wa kilimani. Mnara unataka umeme, plagi nayo inatoa umeme, kwa hiyo cheche yote inanyonywa kabla haijafika kwenye petroli. Mzee Leopold alimwuliza mbona boti nyingine zinawaka. Cuthbert akasema hizo ni injini mpya, zimeshazoea minara tangu zilipotengenezwa. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeiona hoja. Kutoka hapo wakafika kwenye uwezekano kwamba injini ikizeeka inachagua watu, kisha kwenye samaki aliyeingia ndani akafia kwenye bomba, kisha wakakubaliana kwamba injini hii ilizaliwa nchi ya baridi na sasa, uzeeni, inatamani kwao.

Othmar alikuwa akiwasikia na huku anavuta. Viganja vilikuwa vimeanza kuchubuka. Alijua wanafanya makusudi kutokaa kimya, maana wangenyamaza lingebaki moja tu la kusema, na hilo pale kijiweni hakuna aliyekuwa na mdomo wa kulitoa. Mambo ya nyumba ya mtu hayazungumzwi ubaoni. Ni desturi yao, ingawa siku ile aliivunja yeye mwenyewe. Aliogopa. Alikuwa anaona picha ya mkwewe akiinuka kwenye kiti, akikunja mkeka.

Ndipo alipofika Mwalimu Ambokile, mgeni kutoka Mbeya ambaye hata mwezi hakuwa ameumaliza hapo kijijini. Alimwamkia Mzee Leopold shikamoo, akaagiza kahawa, akauliza kama kuna chombo kinachokwenda Liuli. Wakamwonyesha Othmar, wakampa historia yote ya plagi, Malawi na mnara. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

— Na siku ikiwaka, akauliza, kabla ya kuvuta kamba huwa mnafanya nini?

Mzee Leopold akamtazama Cuthbert. Cuthbert akamtazama Mzee Leopold. Wote wawili wakamtazama Othmar, naye akasimama na kamba mkononi.

Hakujua. Alijaribu kukumbuka asubuhi hata moja. Alijiona akipanda botini, anajifuta mikono, anatazama ufukwe kuona nani anamtazama. Nyuma yake Serafina ameinama, mikono yake inafanya jambo. Kisha anasema, “Vuta.” Yeye anavuta. Miaka yote hakuwahi kugeuka kuangalia mikono ile inafanya nini, na sasa aibu ilimshika mpaka akatoka majini akaja kukaa.

— Mpigie, Marselina akamwambia, huku akimtilia kahawa asiyoiagiza.

Simu iliita sana ndipo ikapokelewa.

— Mama Winnie, mimi niko hapa ufukweni. Injini imenigomea. Naomba kuuliza, huwa unafanya nini kabla sijavuta?

Sauti ya Serafina ikaja, ya chini, isiyo na haraka.

— Leo ndiyo umeuliza.

— Leo ndiyo nimeuliza.

— Upo wapi hasa, Baba Winnie? Upo ubaoni?

— Nipo ubaoni.

— Weka sauti kubwa. Pale ulipolisemea lile neno, ulirudishe hapo hapo.

Othmar akaweka simu juu ya ubao, katikati ya vikombe. Alisema Mama Winnie si mzigo na hakuwahi kuwa. Alisema anayeiwasha injini ni yeye, kazi ya Othmar ni kuvuta kamba tu, na kamba hata mbuzi akifungwa nayo anaivuta. Mzee Leopold alitazama pembeni. Mwalimu alikitazama kikombe chake kwa bidii.

— Redio yupo hapo? simu ikauliza.

— Nipo, shemeji, Cuthbert akasema, akiwa mdogo ghafla.

— Na hilo nalo litangaze.

Ndipo akaeleza. Legeza kifuniko cha tangi kidogo, lipate kupumua. Minya ule mpira wa mafuta mpaka uwe mgumu. Halafu kile kitufe chekundu cha kuzimia, kibanio chake kilipotea zamani, kitufe kinarudi ndani chenyewe, na kikiwa ndani cheche haipatikani. Yeye hukishikiza kwa nusu ya kibanio cha nguo. Cha kwake amekwenda nacho, kiko kwenye pindo la kanga, lakini kamba ya nguo nyumbani ina vingine.

Othmar alikwenda nyumbani mbio. Kamba ya nguo ilikuwa tupu, vibanio peke yake, na moyo ulimuuma kuiona hivyo. Alichukua kimoja, akakipasua nusu. Akarudi, akalegeza, akaminya, akabana, kila kitu polepole, akiangalia mikono yake mwenyewe. Akavuta mara moja. Injini ikanguruma.

Ubaoni hakuna aliyeita Mvuto Mmoja. Cuthbert alikuwa ameshaondoka kuelekea sokoni, na birika la Marselina lilikuwa limebaki machicha. Mwalimu akakunja suruali, akaingia majini, akauliza kama nafasi ipo.

— Ipo, Mwalimu, karibu, Othmar akamwambia. — Ila nyuma hapo, karibu na injini, usikae. Hapo pana mwenyewe.